Nichague ipi kati ya 7mm Remington Magnum, .300 Win Mag na .300 WSM?

Mfuatanyayo

Wakuu, habari za humu. Swali hili nimelala nalo na kuamka nalo wiki tatu, sasa naona nililete kwa waliotangulia.

Ninayo .308 Winchester, huu ni mwaka wa 11. Sina la kuilaumu. Wanyama ninaowinda ni wa kilo 50 hadi 300 hivi, na miaka yote hiyo nimekuwa nikipiga kwa mita 80 mpaka 180, kwenye vichaka ambako ukinyata vizuri mnyama unamkaribia. Tangu msimu uliopita nawinda sehemu ya wazi. Nyasi fupi, hakuna pa kujificha, mnyama anakuona kabla wewe hujamwona. Mara mbili nimepata dume zuri limesimama ubavu, la kwanza mita 290, la pili mita 320, nikiwa nimelala chini na bunduki iko imara juu ya begi. Mara zote mbili nilitoa kidole kwenye kifyatulio. Sikujua risasi ingeangukia wapi. Kuacha sijutii hata kidogo, ila ile ya pili nimeiota mara kadhaa.

Kibali cha bunduki ya pili ninacho tayari, nataka magnum moja (risasi yenye baruti nyingi na kasi kuliko za kawaida), na nikishanunua sibadilishi tena. Nimebaki na tatu: 7mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum (Win Mag) na .300 WSM, yaani Winchester Short Magnum. Majedwali ya viwandani nimeyasoma mpaka macho yameuma. Ya 7mm, kichwa cha risasi cha greni 160 (greni ni kipimo cha uzito) kinatoka kwa mita 900 hivi kwa sekunde. Ya .300 Win Mag, greni 180, nayo ni mita 900 hivi. Ya WSM, greni 180, mita 900 na kidogo. Sasa mtu unachagua kwa kipi?

La mwisho mlijue: nina kilo 68, na mtulinga wangu wa kulia uliwahi kuvunjika nikiwa na miaka 19. Ulipona vizuri, lakini nikipiga risasi 30 za .308 kwa siku moja, usiku wake nausikia.

Naomba ushauri wa aliyezitumia, siyo wa aliyezisoma.

---

Mtutu66

Mkuu, chukua .300 Win Mag, hutajuta. Ilitoka 1963 na mpaka leo sijaona duka la risasi za kuwindia ambalo halina hata boksi moja. Vichwa vya kaliba ya .308, ambavyo .300 hutumia pia, ndivyo vingi kuliko vyote, kuanzia greni 150 mpaka 220, kwa hiyo bunduki moja inakutosha kwa swala mdogo na kwa mnyama wa kilo 400. Siku ukikutana na dume kubwa limekaa vibaya, limekuelekezea bega, greni 200 zitakufaa kuliko 160. Nimeitumia misimu 14. Mateke yanazoeleka.

---

Mzee wa Bonde

Kijana wangu, salamu zako nimezipokea. Nina miaka 63, nimewinda tangu nikiwa na 22. 7mm Remington nimekuwa nayo miaka 17, .300 Win Mag nilikuwa nayo 9, na WSM nimeipiga ya rafiki yangu misimu miwili mizima. Kwa hiyo nakujibu kwa bega langu.

Nianze na jambo ambalo huenda hukutarajia. Yale madume yako mawili, la mita 290 na la mita 320, .308 yako ingeyaua. Ukiisawazisha darubini kwa mita 200, risasi ya .308 ya greni 165 ikifika mita 300 imeshuka kama sentimita 26 au 27 chini ya pale ulipolenga. Hizi magnum zako zote tatu, kwa usawazishaji uleule, zinashuka kama sentimita 20. Tofauti ni upana wa vidole vitatu au vinne. Ulichokosa siku ile ni kujua, na kujua hakuji ndani ya boksi la risasi mpya. Hukuwahi kulala chini ukapiga karatasi iliyo mita 300, ukaona kwa macho yako tundu liko wapi. Uliacha kwa sababu hukujua, na hilo linanifanya nikuamini wewe kuliko watu wengi ninaowasoma humu.

Hilo halimaanishi usinunue magnum. Sehemu ya wazi ina upepo, na hapo ndipo hizi risasi zinapolipa. Upepo wa ubavuni wa mita 4 au 5 kwa sekunde, kwa mita 300, unaisukuma ya .308 pembeni kama sentimita 5 zaidi ya unavyoisukuma 7mm yenye kichwa kirefu chembamba. Mshuko unaupima na kuukariri. Upepo unaukadiria tu, na kila sentimita unayopunguziwa kwenye makadirio ni ya kushukuru. Pia risasi inafika na kasi ya kutosha kufunguka ndani ya mnyama.

Sasa tuje kwenye hizo tatu zako.

Ukitazama nguvu mdomoni mwa mtutu, 7mm ya greni 160 ina jouli 4,200 hivi, .300 ya greni 180 ina 4,700 hivi, .308 yako iko kwenye 3,600. WSM na Win Mag ni pacha, zinapishana mita mbili tatu kwa sekunde, na mtutu mmoja na mwingine wa kiwanda kilekile hupishana zaidi ya hapo. Wanyama niliowapiga kwa hizi risasi sijawahi kuona mmoja aliyejua tofauti ya 7mm na .300. Aliyepigwa kwenye mapafu alikwenda mita 20, 40, pengine 70, akalala. Aliyepigwa vibaya alikwenda mbali, kwa zote.

Bega ndilo linalojua tofauti. Katika bunduki za uzito mmoja, .300 inarudi na nguvu karibu robo zaidi ya 7mm. Mtutu66 anasema mateke yanazoeleka. Kwake inawezekana ni kweli. Mimi niliamini vilevile kwa miaka minne.

Ngoja nikusimulie siku nilipojua. Nilikuwa na .300 yangu kwenye uwanja wa shabaha, matundu yangu yametawanyika sentimita 11 kwa mita 100, nimekasirika, nasema darubini imelegea. Rafiki yangu, yule mwenye WSM, akaniambia lete bunduki nikujazie. Akawa ananipa imefungwa, sijui ndani kuna nini. Mara ya kwanza ikalia. Mara ya pili ikalia. Mara ya tatu nikakandamiza kifyatulio, ikasikika "tik" tu, ndani kuna ganda tupu. Na mdomo wa mtutu ulikuwa umezama chini kiasi cha kuona kwa macho, jicho limefumba, bega limejisukuma mbele kuikabili bunduki ambayo haikupiga. Akarudia mara sita akichanganya zilizojaa na tupu, na kila tupu mtutu ulizama. Miaka minne nilikuwa nawinda hivyo. Nikaanza kuwakumbuka mmoja mmoja wanyama niliowafuata kwa damu mpaka giza, na wawili ambao sikuwapata kabisa. Nilikuwa nimeilaumu risasi, nimelaumu kichwa chake, nimelaumu upepo. Nilikaa kwenye benchi pale muda mrefu, na rafiki yangu hakusema neno.

Tangu hapo kipimo changu cha bunduki ni kimoja: je, risasi ya 20 ya siku hiyo naipiga kama ya kwanza? Kwa 7mm, ndiyo. Kwa .300, kwa mwili wangu na katika bunduki ya kilo 3.6, hapana. Baadaye nikaiuza.

Na wewe una kilo 68 na mtulinga uliowahi kuvunjika. Umelisema mwishoni kama jambo dogo. Mimi naliweka la kwanza.

Kuhusu WSM: ganda ni fupi, milimita 53, dhidi ya milimita 66 na nusu za Win Mag, kwa hiyo bolti na mwili wa bunduki vinakuwa vifupi na bunduki inakuwa nyepesi. Watu wanaisifia hivyo. Lakini bunduki nyepesi yenye baruti ileile inapiga teke zaidi, hilo halikwepeki. Ganda nalo ni nene, ndani ya magazini mara nyingi zinaingia tatu tu. Ile ya rafiki yangu ilikuwa na tabia ya kugoma risasi ya pili ukivuta bolti taratibu, lile bega la ganda (pale linapobanwa kuingia shingoni) lililosimama wima linajikwaa mlangoni mwa chemba. Ukivuta kwa nguvu inaingia. Nimeona nyingine zisizo na tatizo hilo, kwa hiyo ukiipenda ijaribu kabla ya kulipa, ijaze magazini na uitembeze bolti pole pole mara kumi.

Neno moja kuhusu kichwa cha risasi, kwa sababu watu wanabishana kaliba wiki nzima halafu wananunua boksi lolote. Mwaka wangu wa pili na .300 nilimpiga dume la kilo 200 hivi kwa mita 55, kwenye bega, kwa kichwa laini cha kawaida cha greni 150. Kasi ilikuwa kubwa mno kwa umbali ule. Kichwa kilivunjikavunjika juu ya mfupa, kikaacha jeraha pana la juujuu, mapafu hakikuyafika. Nilimfuata kwa muda wa saa saba. Siku hiyo .308 ya taratibu yenye kichwa kilekile ingefanya kazi safi zaidi. Ukiingia kwenye magnum, nunua kichwa kilichounganishwa na ganda lake la shaba ili risasi isivue nguo njiani, au cha shaba tupu. Cha shaba tupu chukua cha uzito mdogo kidogo, kwa sababu ni kirefu kwa uzito wake na kinahitaji kasi ili kifunguke.

Na usikate mtutu. Hizi risasi zina baruti nyingi, zinataka sentimita 61 hadi 66 za mtutu. Kila inchi unayotoa inaondoka na mita 8 hivi kwa sekunde, na unabaki na kelele na moto mdomoni.

---

Mtutu66

Mzee nakuheshimu, ila hapo umeipunja .300. Bunduki ya kilo 3.6 ni nyepesi kwa risasi hiyo. Yangu na darubini yake ni kilo 4.4, na kitako nilikirefusha sentimita moja na nusu ili kinikae. Kwa uzito huo napiga 20 bila shida, na nimewahi kufanyiwa hicho kipimo cha ganda tupu, mtutu haukuzama. Na swali la mnyama wa kilo 400 hujalijibu.

---

Mzee wa Bonde

Uko sahihi kuhusu uzito, na kitako kinachomkaa mtu ni nusu ya dawa. Ungeniambia hivyo miaka ile huenda ningebaki nayo. Swali ni kama kijana yuko tayari kubeba kilo 4.4 siku nzima kwenye eneo la kutembea.

Kuhusu kilo 400, mwenyewe amesema 300. Kama angesema 400 kila msimu, ningemwambia .300 na greni 200, nisingesita. 7mm ya greni 175 inaingia ndani sana kwa sababu ni ndefu na nyembamba, nimeona ikivuka mabega yote mawili ya mnyama wa kilo 280. Ila tundu la .300 ni pana zaidi, na greni 200 zina uzito ambao 7mm haina. Hapo tunakubaliana. Na wanyama wa hatari, nyati na wenzake, wasiingie kwenye mazungumzo haya, hao huanzia .375.

---

Binti Baruti

Shikamoo Mzee, na habari zenu wengine. Mimi nina kilo 61 na natumia 7mm Remington Magnum, risasi najaza mwenyewe kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, kwa mwaka wa nane. Mfuatanyayo, hujasema kama unajaza au utanunua zilizojazwa. Ukijaza, kuna jambo la mkanda ambalo wengi huambiwa wakiwa wameshaharibu maganda.

7mm Remington (ya 1962) na .300 Win Mag zote zina ule mkanda mnene wa shaba juu ya kitako cha ganda. Chanzo chake ni .375 ya Holland & Holland ya 1912. Ganda la ile lina bega lililolala sana, haliwezi kulizuia vizuri ndani ya chemba, ndiyo maana wakaweka mkanda uishike risasi mahali pake. Hizi zetu zina bega la kutosha, mkanda haukuhitajika, ila ulibaki. Tatizo ni kwamba viwanda huacha nafasi kubwa mbele ya bega kwa kuwa wanategemea mkanda. Ukipiga mara ya kwanza, ganda linanyooka mbele kujaza ile nafasi. Ukilirudisha kwenye kalibu (chombo cha kulirudishia ganda umbo lake) na kulisukuma bega mpaka lilipokuwa mwanzo, halafu ukapiga tena, linanyooka tena palepale, milimita chache juu ya mkanda. Mara tatu nne ganda linakatika pale.

Mimi lilinikatikia mara ya nne ya kujaza. Nilivuta bolti kikatoka kitako kitupu, sehemu ya mbele imebaki kwenye chemba. Nilikuwa nimevaa miwani na sikuumia, lakini mikono ilitetemeka nusu saa. Nilirudi nyumbani nikayakagua yote: kwa nje, ukilisogeza ganda kwenye mwanga, utaona pete inayong'aa juu ya mkanda. Kwa ndani, chukua waya mwembamba, ukunje ncha, uuburute kutoka kitakoni kwenda juu, ukidumbukia kwenye kijifereji ganda hilo ni la kutupa. Kati ya 40 nilitupa 27.

Dawa ni kuusahau mkanda. Pima bega la ganda lililopigwa kwenye bunduki yako, kisha weka kalibu ilirudishe nyuma kwa milimita 0.05 tu. Tangu nifanye hivyo maganda yangu yanafika mara saba nane.

WSM haina mkanda, inakaa kwa bega, kwa hiyo kwa mjazaji ni tulivu zaidi. Huo ni uzuri wake wa kweli na Mzee hakuutaja. Win Mag nayo ina shingo fupi, milimita 6.7, pungufu ya upana wa kichwa chenyewe. Watu wanailalamikia. Mimi nimejazia binamu yangu risasi nyingi za Win Mag na sijaona kichwa kilichopinda kwa sababu hiyo, kwa hiyo hilo usilichukulie uzito.

La usalama: bunduki mbili za magnum zenye mkanda zikiwa nyumba moja, msichanganye risasi kwenye mfuko mmoja. Kitako na mkanda wa 7mm na wa .300 ni vipimo vilevile, bolti inavishika vyote. Mimi maboksi yangu yana rangi, na siendi porini na bunduki mbili.

---

Nyasi Fupi

Mbona hakuna anayezitaja hizi magnum mpya za PRC? 7mm PRC ya 2022 na .300 PRC ya 2018 hazina mkanda kabisa, na mitutu yake inasokota risasi mzunguko mmoja kwa kila inchi 8, kwa hiyo vichwa virefu vizito vinatulia. 7mm Remington za kiwandani nyingi ni inchi 9 na robo hadi 9 na nusu, greni 180 ndefu hazitulii vizuri humo.

---

Binti Baruti

Kweli, na ningekuwa naanza leo na napiga mita 600 kwenye shabaha ningechukua 7mm PRC bila kufikiri mara mbili. Yeye anawinda ndani ya mita 350. Greni 160 kwenye msokoto wa 9 na robo zinatulia vizuri kabisa. Akumbuke tu kuuangalia msokoto akitaka kichwa cha shaba tupu kirefu.

---

Mfuatanyayo

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki sita. Naomba radhi kwa ukimya, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Mzee, shikamoo. Nilifanya ulichosema kwanza, nikaipeleka .308 mita 300. Siku ya kwanza nililenga katikati ya karatasi, nikapiga tatu, nikatembea mpaka kule. Matundu yote matatu yalikuwa chini, sentimita 24, 27 na 29. Nilisimama pale nikiyatazama. Miaka 11 na bunduki hii na sikuwahi kuyaona. Nikarudi siku nne tofauti, risasi 15 kila siku. Siku ya tatu kulikuwa na upepo wa kulia, nikajidai naujua, matundu yakahama sentimita 20 kushoto. Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Kisha nikapata kuazima. 7mm Remington yenye mtutu wa sentimita 61, kilo 3.9 na darubini. .300 Win Mag ya kilo 4.1. WSM sikupata, nitakuwa muwazi. Mwenye bunduki aliandamana nami na nikamwomba anifanyie kipimo cha ganda tupu kwa zote, nami sioni anachojaza.

.308 yangu: tupu nne, mtutu haukucheza. Hilo lilinipa moyo.

7mm: tupu ya kwanza haikucheza, ya pili ilizama kidogo, ya tatu na ya nne zilitulia. Nilipiga 22. Usiku bega lilikuwa na joto lakini mtulinga haukuuma. Kundi langu la mwisho la tatu kwa mita 100 lilikuwa sentimita 4, la kwanza lilikuwa 3 na nusu.

.300: tano za kwanza nzuri, na nikiri ile bunduki ilikuwa tamu, kifyatulio chake safi kuliko vyote. Tupu ya kwanza ikaja baada ya risasi ya sita. Mwenye bunduki hakucheka, aliniambia tu, "Umeona?" Niliona. Mtutu ulishuka kama upana wa ngumi. Nilipiga 11 nikaacha, kwa sababu niliona nazoea kufumba jicho na nilikuwa najifundisha kibaya.

Mtutu66, nilikuwaza nikiwa pale. Kitako cha ile .300 kilikuwa kirefu kwangu, na pengine ningekipunguza na kuongeza uzito mambo yangebadilika. Lakini kilo 4.4 nimezibeba kwa mfano, niliweka mawe kwenye begi nikatembea kilomita 12 za eneo langu, na kufikia la tisa nilikuwa siangalii tena mbele.

Kwa hiyo ni 7mm Remington Magnum. Nimeagiza yenye mtutu wa sentimita 61, msokoto wa inchi 9 na robo. Msimu unaoanza mwezi ujao nitakwenda na .308, na kikomo changu ni mita 300 kusipokuwa na upepo, 220 ukiwepo. 7mm siipeleki porini kabla sijaipiga angalau 80 kwenye karatasi.

Nina mawili yamebaki. Binti Baruti, maganda mapya ya kiwandani, nayo niyapime bega baada ya kupiga mara ya kwanza tu, au mara mbili? Na Mzee, muuzaji anataka kunifungia kile kifaa cha kupunguza teke mdomoni mwa mtutu. Unasemaje?

---

Binti Baruti

Hongera. Piga matano ya boksi lilelile, pima yote, chukua kipimo cha lile refu zaidi. Baada ya kupigwa mara ya pili pima tena, mara nyingi bega linasogea kidogo kabla halijafika mwisho wake. Hapo ndipo unapofunga kalibu usiiguse tena. Na ule waya wa kukunja ncha utengeneze leo, usingoje ganda la kwanza likatike.

---

Mzee wa Bonde

Marahaba, kijana wangu. Nimesoma ulichoandika mara mbili, pale ulipotembea mpaka kwenye karatasi nikasimama nawe.

Kile kifaa kinapunguza teke kweli, sikatai. Lakini kinautupa mlipuko pembeni na nyuma, kelele inayofika masikioni mwako na mwa anayekufuatia inazidi sana, na porini mtu huwa havai vizibo kila wakati. Sikio langu la kushoto halisikii tena ndege wadogo, na hiyo ni kwa bunduki zisizo na kifaa. Kwa 7mm ya kilo 3.9, na umeshajua kwamba kati ya tupu nne ulitulia tatu, usikifunge. Mwambie muuzaji akuwekee mpira mzuri kitakoni na akupimie urefu wa kitako ukiwa umevaa koti lako la kuwindia, siyo shati. Kwenye uwanja vaa vizibo viwili, vya ndani na vya nje, na usizidishe 20 kwa siku hata kama unajisikia vizuri. Mwombe yule aliyekuazima aje tena na maganda yake matupu mara moja kila mwezi.